Mtu wa kumi

Mwanangu Zipora,

Simu yako ya juzi imeninyima usingizi. Eti Ijumaa Sabato ilikukuta maabara, koti jeupe mwilini, na saa kumi jioni haijafika. Hapa Nairobi jua halina hila, mwaka mzima linatua karibu na saa kumi na mbili na nusu. Huko Waterville, Marekani, Desemba hii, mishumaa ya kuingiza Sabato, inayowashwa kabla jua halijatua, ni saa tisa na dakika arobaini. Ikifika Juni utaingoja Sabato hadi saa mbili usiku, unapiga miayo. Kwa hiyo ukichagua masomo ya muhula ujao, kalenda yetu iwe mkononi, na mwalimu umwandikie mapema, si asubuhi ya Ijumaa yenyewe. Bwenini usiwashe mshumaa. Kengele ya moto ikilia, bweni zima litasimama kwenye theluji na nguo za kulalia kwa ajili yako. Nenda sinagogi.

Umeniambia wanafunzi wa Hillel, chama cha wanafunzi Wayahudi, ni wachache, ukaona haya kwenda. Hilo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Chuo chako cha Colby kina wanafunzi 2,000 na ushei tu, na Beth Israel ni sinagogi ya mji mdogo, ipo tangu 1902. Tangu 2015 chuo na sinagogi hiyo wana kituo cha pamoja kwa ajili ya Wayahudi wa miji midogo kama huo. Ungekuwa New York, usipofika hakuna ambaye angejua. Hapo watu tisa watakaa wanautazama mlango, wakimngoja wa kumi ili sala ya pamoja itimie.

Unamkumbuka baba yako Ijumaa jioni? Watu hawahesabiwi, kwetu Mbale, Uganda, hata watoto hatuwahesabu, kwa hiyo anasoma ule mstari wa Zaburi 28 wenye maneno kumi ya Kiebrania, kila mwanamume neno lake. Mara ngapi maneno yamebaki bila watu! Na mimi na wewe tumekaa upande wetu, wanawake tele, mstari hautufikii. Ulikuwa na miaka tisa uliponiuliza, "Mama, mimi si mtu?" Nilikufunga kilemba upya, nikanyamaza. Kwa bibi yako Nabugoye, hukohuko Mbale, mwanamke huhesabiwa kwenye minyani, yaani wale kumi wa sala, na hapo Beth Israel pia. (Baba yako ana yake ya kusema juu ya hilo. Atakupigia mwenyewe.)

Watakuuliza umekuwaje Myahudi. Wengine ni udadisi tu, usiwakasirikie. Waambie habari za Semei Kakungulu, mkuu wa vita wa Uganda aliyewaacha Waingereza akaamua mwaka 1919 kuishika Torati. Waambie babu yako alisali gizani enzi za Amin, na kwamba Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979, jioni ileile Pasaka yetu, sikukuu ya kutoka utumwani Misri, ilipoingia. Babu husema mwaka ule hakuhitaji kusomewa habari za Farao.

Chakula hakinitii wasiwasi. Samaki mwenye magamba, mayai, mboga, na vya pakiti tafuta alama ya U ndani ya duara, inayoonyesha kwamba vinafuata sheria yetu ya chakula. Wale kamba wakubwa ambao Maine inajisifia nao, waangalie tu.

Ijumaa hii toka maabara saa nane, usisingizie theluji. Jumapili nipigie uniambie ni neno la ngapi lililokuangukia.

Mama yako