Kabla hujanunua kompyuta mpya, tazama indiketa zako

Trada (mfanyabiashara wa soko la fedha) akija kwetu analalamika kwamba chati inaganda, mara nyingi ameshajiamulia tiba: aongezewe RAM. Sisi humwambia aondoe indiketa zote, yaani vijiprogramu vinavyochora mistari ya hesabu juu ya chati, kwenye MetaTrader 5, programu anayofanyia biashara, kisha azirudishe moja moja. Mkosaji hujitokeza mwenyewe.

Chukua chati ya dakika moja ya EURUSD (bei ya euro kwa dola), ambapo kila mshumaa ni alama ya mwendo wa bei kwa dakika moja. Siku nzima ya soko ina mishumaa ipatayo 1,440, kwa hiyo mishumaa 100,000 ni kama siku 70 tu. Weka juu yake indiketa ya wastani wa bei za mishumaa 200. Indiketa iliyoandikwa ovyo huanza upya tangu mshumaa wa kwanza kila bei inapocheza. 100,000 mara 200: kujumlisha mara milioni 20 ili kusogeza ncha ya mstari! Takwimu za ajira za Marekani zinapotoka, bei hucheza mara kadhaa kwa sekunde, na hapo hata mashine ya bei ghali hutoka jasho.

Dawa imo ndani ya programu yenyewe. OnCalculate, sehemu ya indiketa inayoitwa kila bei inapocheza, hupokea prev_calculated, yaani idadi ya mishumaa iliyokwisha kuhesabiwa. Waandishi wengi wa indiketa za bure huipuuza. Sisi huanzia prev_calculated - 1, si prev_calculated, maana mshumaa wa mwisho bado uko wazi na bei yake inabadilika. Ukiuruka, mstari utakudanganya. prev_calculated ikija 0, tunahesabu yote upya. Kwa wastani tunatunza jumla: mshumaa mpya ukiingia tunaongeza bei yake na kutoa ya ule uliotoka kwenye dirisha la mishumaa 200. Vijisehemu vya desimali hukosewa kidogo kidogo, kwa hiyo mara moja moja tunajumlisha upya.

Wanaojichorea chati kwa Python, lugha ya kuandikia programu, wana shida nyingine: wanachora mishumaa 100,000 kwenye kioo chenye upana wa pikseli 1,920. Usipunguze kwa kuchukua kila mshumaa wa kumi, utakata mikia (ncha za mshumaa zinazoonyesha bei ya juu na ya chini kabisa), na stop loss nyingi, yaani amri za kufunga biashara hasara ikifika kiwango fulani, huguswa na mkia. Kwa kila safu ya pikseli, bakiza bei ya juu kabisa na ya chini kabisa.

Ukija, lete faili la .mq5, lenye msimbo wa indiketa kama ulivyoandikwa. Lile la .ex5, lililokwisha kugeuzwa kwa ajili ya mashine, halifunguki tukalisoma. Itabidi tuandike indiketa upya, na gharama yake ni nyingine.