YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA ZIWA ARGYLE, AUSTRALIA

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi na mume wangu tulisafiri na kampuni yenu mwezi Januari kwenda kaskazini mwa Australia. Kilichotupeleka huko ni kitu kimoja tu: siku nzima ndani ya boti kwenye Ziwa Argyle. Mume wangu amefanya kazi kwenye mabwawa ya umeme hadi alipostaafu, na kwa miaka mingi alitamani kuliona kwa macho yake bwawa la mto Ord, ambalo ndilo lililozaa ziwa hilo.

Boti hatukuipanda. Tulikuta gatini hakuna mtu. Dereva alipopiga simu ndipo akaambiwa boti za watalii zimesimama mpaka mvua ziishe. Mvua za kule hunyesha kati ya Novemba na Aprili, jambo ambalo wakala wa safari hawezi kusema hakulijua. Januari mliichagua nyinyi. Tuliuliza waziwazi ofisini kwenu kama huo ni wakati mzuri, tukajibiwa "hakuna shida", kisha mkapokea fedha ya boti.

Badala yake tulipewa nusu saa juu ya ukuta wa bwawa. Upande mmoja mto unateremka mwembamba kati ya miamba myekundu. Upande wa pili ni maji mpaka macho yanachoka, na vile visiwa unavyoviona ni vilele vya vilima vilivyozama. Ziwa hilo lina takriban kilomita za mraba 1,000, karibu sawa na kisiwa kizima cha Pemba, nanyi mkalitengea nusu saa! Mume wangu alikuwa bado anauliza maji yanavyofika kwenye mashamba ya mji wa Kununurra, dereva akaanza kupiga honi.

Hata matunda tuliyonunua mji wa Darwin kwa maelekezo ya ratiba yenu yalitupwa kwenye pipa mpakani mwa jimbo la Australia Magharibi, liliko ziwa, kwa kuwa jimbo hilo haliruhusu kuyaingiza. Hakuna aliyetuonya.

Kuna jambo limeniuma zaidi ya fedha. Kipeperushi chenu kinaliita Argyle "ziwa la asili". Si kweli. Bwawa lilikamilika mwaka 1971, na maji yakafunika ardhi ya Wamiriwoong, wenyeji wa asili wa eneo hilo, pamoja na malisho ya shamba la ng'ombe la Argyle Downs. Nyumba ya mawe ya ukoo wa Durack, walioanzisha shamba hilo, ilibomolewa kwa uangalifu, ikajengwa upya mahali pa juu, na leo ni makumbusho. Mahali patakatifu pa Wamiriwoong hapakuhamishika, pamebaki chini ya maji. Mtu anayeuza safari ya kwenda pale hana haki ya kuwafuta watu hao kwa neno moja la tangazo.

Naomba mturejeshee fedha yote ya boti ndani ya siku 14, msitishe kuuza safari hiyo kwa miezi ya mvua, na mkisahihishe kipeperushi kabla hakijamfikia mteja mwingine. Nisipopata jibu la maandishi katika muda huo, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani.

Nakala za risiti, ratiba na kipeperushi nimeziambatanisha.

Wenu,
Mteja