Shemeji, ile Jaguar uliinunua mimi nikiwa bado uvunguni

Shemeji,

Simu zangu hupokei, na dada anasema nikuache upoe. Sasa nasikia unataka kuiuza ile Jaguar E-Type uchukue Porsche 911 ya zamani. Subhanallah! Miaka yote hii, leo ndiyo umeiona 911?

Naandika hadharani kwa sababu wapo wengine wanaotaka kuingia kwenye mchezo huu wa magari ya kale, nao wasikie.

E-Type ni nzuri, sijawahi kubisha. Tangu ionyeshwe Geneva mwaka 1961, magari yanayolikaribia lile umbo ni ya kuhesabu. Malcolm Sayer aliyelichora alianzia kwenye ndege, na inaonekana. Lakini diski za breki za nyuma zimefichwa katikati, kando ya difu, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Kuzitengeneza vizuri ni kushusha mfumo mzima wa nyuma. Giaboksi ya zile za mwanzo za lita 3.8, gia ya kwanza haina sinkronaiza, kile kinachofanya gia iingie bila kukwaruza. Na kutu! Bodi yenyewe ndiyo inayobeba gari, kwa hiyo ikiliwa chini ya milango umekwisha.

Ndiyo maana siku ile Coventry nililala kwenye sementi ya baridi na sumaku mkononi. Niliibandika chini ya mlango wa kushoto, ikaanguka. Nikaibandika tena mbele kidogo, ikaanguka. Puti tupu, shemeji, siyo chuma! Natoka uvunguni kukuita, nakukuta umeshampa muuzaji mkono, unacheka: "Huyu shemeji yangu hata chai huionja mara mbili." Mkacheka wote wawili, mimi nimesimama na vumbi la rangi viganjani.

Hilo sijalimeza mpaka leo. Njia nzima ya kurudi nilinyamaza kwa heshima tu, maana mtu na shemeji yake hawatukanani. Halafu naambiwa nilikuwa na wivu. Wivu wa nini? Nililala pale kwa ajili ya pesa zako na za dada yangu.

911 nilikutajia mapema. Mzee wako, Mungu amrehemu, hakuchoka kutusimulia mbio za magari za Safari Rally za 1978, Vic Preston Jr alivyomaliza wa pili na 911 nyuma ya Peugeot 504. (Hao hao Peugeot ndio waliowalazimisha Porsche waache 901, jina la kwanza la 911.) Wa pili, sawa, lakini kwa barabara zile! Injini inapozwa kwa hewa, hakuna rejeta ya kukuchemkia. Ubaya wake ni mkia: injini iko nyuma kabisa, ukiachia mafuta ghafla kwenye kona, nyuma inataka kutangulia. Chukua ya kuanzia modeli ya 1969, waliporefusha nafasi kati ya magurudumu kwa milimita 57.

Namba ya injini ilingane na karatasi za kiwandani, la sivyo wakusanyaji hawatakupa bei. Funua pale betri inapokaa, utazame kutu. Na huyo anayekuambia ana Carrera RS ya 1973, ile 911 inayotafutwa na wakusanyaji, kwa bei ya kutupa, mwambie alete karatasi kwanza. Zilitengenezwa 1,580 tu, na za kuigiza zimejaa.

Usimpe mtu mkono kabla sijafika. Jumamosi nina nafasi. Petroli juu yako.