Hiyo tyubu mpya usiifungue kwanza

Nkuhungu, Dodoma

Mama Neema shoga yangu,

Mbukwenyi! Sisi wazima, tunasumbuliwa tu na upepo huu wa Julai, vumbi mpaka ndani ya sufuria. Baba Juma anakusalimu. Kile kiwanja bado anasema "wiki ijayo", tuyaache hayo.

Ujumbe wako umeninyima usingizi. Eti haidrokotisoni, ile krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) isiyo kali, imekataa kutuliza pumu ya ngozi ya Neema, na kijana wa duka la dawa amekuuzia klobetasoli ya kumpaka usoni? Hiyo ni katika steroidi za kupaka zilizo kali kuliko zote! Uso wa mtoto una ngozi laini; steroidi kali itaizidisha wembamba, na nyingine itaingia mwilini. Iweke juu ya kabati.

Dawa ikikataa kuna sababu. Nilipompeleka Juma kwa daktari wa ngozi, swali la kwanza halikuwa napaka dawa gani, lilikuwa napaka kiasi gani. Akaniminyia mstari kwenye kidole changu cha shahada, kuanzia pingili ya juu hadi nchani: huo unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole vyake. Sasa wewe nakujua, unadokoa kama mtu anayeonja chumvi, halafu Mama Rehema akisema steroidi inaunguza mtoto, unaacha siku nne. Itaponaje?

Haya, tuseme unapaka sawasawa. Panatoa majimaji, pana ukoko wa manjano? Basi kuna bakteria, hasa hawa stafilokokasi. Wakijaa kwenye ngozi, sumu zao zinachochea uvimbe na kuzifanya seli za kinga zisiitii steroidi. Hapo yatibiwe maambukizi, siyo kupanda kwenye tyubu kali. Au pengine siyo pumu ya ngozi kabisa. Fangasi ukiipaka steroidi wekundu unafifia, unafurahi, kumbe inatambaa chini kwa chini. Upele ule wa kuambukizana nao una ujanja wake. Halafu wapo wachache wenye mzio na krimu yenyewe. Wao kila wakipaka ndiyo wanazidi kuwashwa.

Na ile sabuni ya kufulia ya bibi yake... sisemi kitu. Ila mafuta ya mgando mpake akitoka tu kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kwa ukavu wa huku kwetu, steroidi bila mafuta ni kazi bure.

Narudi palepale: klobetasoli usoni, hapana, mpaka daktari amwone.

Sasa nijibu. Wengine hapo nyumbani wanajikuna usiku? Kile kiduara cha shingoni kwa Neema kina ukingo ulioinuka, kama wa fangasi? Hiyo haidrokotisoni uliangalia tarehe yake? Nitumie picha ya mchana, siyo ya taa. Na basi la asubuhi kutoka Mpwapwa bado lipo? Mkija Jumatatu nitaomba ruhusa kazini niwasindikize kliniki. Au baba yake bado ana maneno?

Wako,
Mama Juma