Waacheni wanafunzi wapime wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika katika safu hii kwamba wanafunzi wa saikolojia wanapoteza muda "kuchezea makopo na vitambaa" badala ya kufundishwa unasihi. Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika chuo kimoja hapa Morogoro, na hayo makopo ndiyo ninayoyajaza mchanga kila muhula.

Nadhani ndugu yangu ameyaonea dirishani tu. Nachukua kopo kubwa la maziwa ya unga na kopo dogo la siagi, natia mchanga, najazia pamba usicheze, mpaka yote mawili yalingane kwenye mizani, tuseme gramu 600. Mwanafunzi ananyanyua moja, kisha jingine. Karibu kila mmoja anaapa kuwa dogo ndilo zito. Namwonyesha mizani. Ananyanyua tena, na mkono unamwambia yale yale.

Jambo hili lilielezwa na daktari Mfaransa, Augustin Charpentier, mwaka 1891, na kwenye kitini linachukua mistari mitatu. Aliyelikariri hapo atalijibu kwenye mtihani na kulisahau. Aliyebishana na mkono wake mwenyewe haondoki mezani: je, nikifumba macho? Je, nikiyanyanyua kwa kamba bila kuyagusa? Wengine inabidi niwafukuze nifunge chumba.

Halafu kuna bikari. Mwenzake akiwa amefungwa kitambaa machoni, mwanafunzi anamgusa kwa ncha mbili kwa pamoja na kumuuliza: moja au mbili? Kwenye ncha ya kidole mtu hutambua mbili hata zikiachana milimita 2 au 3. Mgongoni ziachane sentimita 4 hivi, la sivyo ataona ameguswa mara moja. Mwanasayansi Mjerumani Ernst Weber, wa chuo kikuu cha Leipzig, alikuwa akipima hivyo tangu miaka ya 1830.

Kazi hii inaonekana ya kitoto mpaka uifanye. Anayepima hubonyeza zaidi pale anapotaka jibu fulani, hutanguliza ncha moja, hubadili sauti anapouliza, na yote hayo bila kujijua. Ndiyo maana tunarusha sarafu kuamua lini iwe ncha moja na lini mbili, na anayeandika majibu haoni bikari. Sasa huo unasihi anaoutaka msomaji unahitaji nini zaidi ya hapo? Mnasihi anayemtilia mteja jibu mdomoni ni hatari, na sijui darasa gani jingine linalomkamata mtu akifanya hivyo, tena kwa namba zilizo kwenye daftari lake.

Liko pia suala la namba hizo zinatoka wapi. Vitabu vingi tunavyotumia vina vipimo vya wanafunzi wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani, Segall, Campbell na Herskovits, walichapisha matokeo ya kupima jamii mbalimbali, wakiwemo Wanyankole na Watoro wa Uganda, kwa ile michoro ya mistari miwili iliyo sawa, mmoja ukiwa na vishale vya kuingia ndani na mwingine vya kutoka nje. Watu wa Evanston, Illinois, huko Marekani, walidanganyika kwa karibu asilimia 20 ya urefu, yaani waliona mstari mmoja ni mrefu kuliko mwenzake kwa kiasi hicho. Wasani wa Kalahari karibu hawakudanganyika kabisa. Sababu bado inabishaniwa. Wako waliosema ni kukulia kwenye nyumba za kona kona, wengine wakapinga. Mwanafunzi wa hapa ana ndugu mjini na babu kijijini, ana rula na karatasi. Kwa nini asubiri aje mtu wa mbali kumpimia babu yake?

Katika moja msomaji yuko sahihi. Wanafunzi 40 wakizunguka bikari moja, watatu wanapima na waliobaki wanachezea simu. Hilo linakera hata sisi mafundi. Lakini dawa yake si kufuta kipindi. Wagawanywe watatu watatu, kila kundi na meza yake, na ratiba itoe saa tatu mfululizo badala ya saa moja iliyobanwa kati ya mihadhara miwili. Mchanga upo, makopo nayaokota, bikari kila mmoja alikuwa nayo tangu sekondari. Tunachokosa ni chumba chenye pazia zito, maana majaribio ya mwanga bado tunayafanyia stoo.

Fundi sanifu wa maabara,
Morogoro.