Mwanetu na saa 8 za usiku

Shoga yangu mpenzi,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikairudia hapohapo. Uliposema binti yetu anaamka kila usiku saa 8, anagaagaa hadi karibu alfajiri bila kupata hata lepe la usingizi, halafu asubuhi kumtoa kitandani ni vita, nilimwona mwanangu wa kiume alivyokuwa miaka mitatu iliyopita. Naye alikuwa na miaka 13. Nakuandikia haya kwa kuwa nimeyapitia.

Nianze na neno ambalo laiti ningeambiwa mapema: kuamka usiku peke yake si ugonjwa. Sote tunaamka. Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90 hivi, na mzunguko unapoisha mtu huwa karibu kabisa na kuamka. Anajigeuza, anavuta shuka, anazama tena, na asubuhi hakumbuki lolote. Tena usingizi mzito huja zaidi mwanzoni mwa usiku. Ikifika saa 8 umeshakuwa mwepesi, ndoto ni nyingi, na kishindo kidogo tu kinamwamsha. Kwa hiyo usijisumbue sana kutafuta kinachomwamsha. Tafuta kinachomzuia asirudi kulala.

Kwetu sisi, kwa sehemu kubwa, kilichomzuia nilikuwa mimi. Nikisikia kitanda chake kinalia, naruka, nawasha taa kubwa, naanza: "Una nini? Unaumwa? Umeota? Lala basi mwanangu, kesho una mtihani!" Mtoto aliyekuwa bado ana usingizi machoni, namwamsha mzimamzima. Haikuchukua muda, mwili wake ukaizoea saa ile kuwa saa ya msukosuko. Usiku mmoja nilimkuta ameketi, saa ya kengele ameikumbatia mikononi, ile taa yake ya kijani inammulika kidevuni, anapiga hesabu kwa sauti ya chini. "Mama, nikilala sasa hivi nitapata saa tatu na dakika arobaini." Akanyamaza kidogo. "Sasa ni thelathini na tisa." Nikajua hapo kwamba kinachomtisha ni kukosa usingizi kwenyewe, na aliyeshikwa na hofu hiyo halali.

Saa ile tuliigeuza ikatazama ukuta. Kengele inalia asubuhi vilevile, lakini usiku hana cha kuhesabu. Fanyeni hivyo leo leo.

Na wewe jizuie, shoga yangu, ingawa najua ilivyo kazi kwa mama. Akikuita, nenda polepole, bila taa kubwa, kaa pembeni, mshike bega. Maneno machache tu: uko hapa, yuko salama, na hata akiwa macho mwili wake unapumzika. Kisha uondoke. Maswali yote yasubiri kukuche. Akiona zimepita kama dakika 20 kwa kukisia na usingizi umempaa, asipigane nao. Ashuke kitandani, akae kitini kwenye mwanga hafifu, asome kitu kisichosisimua, arudi usingizi ukimjia. Njia hii si yangu, wataalamu wa usingizi wanaitumia tangu miaka ya 1970. Wanataka mwili ukijue kitanda kuwa mahali pa kulala, usikizoee kuwa mahali pa kuhangaika. Siku za kwanza ni ngumu na atachoka zaidi, usikate tamaa. Wangu bado huamka mara mojamoja. Juzi nilisikia kiti chake kikivutwa, baadaye kidogo kikarudishwa, na mimi sikunyanyuka.

Simu ilale chumba kingine, na yako pia. Sisi tulizozana mpaka nilipoiweka yangu kwanza, ndipo naye akaweka yake bila neno. Mwanga wa simu huuchelewesha usingizi, lakini mimi naogopa zaidi yale anayoyasoma. Ujumbe mmoja wa kuudhi kutoka kwa mwenzake usiku wa manane unatosha kumfanya akeshe.

Uliniambia umeanza kumlaza saa 2 usiku ili afidie. Nami nilifanya hivyohivyo, na ilizidisha tatizo. Mtoto akibalehe, melatonini, ile homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka kwa kuchelewa kuliko utotoni. Si ukaidi, ni mwili wake. Wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10. Ukimweka kitandani kwa muda wa saa 11 nzima, usingizi ule mdogo utajigawa, na atakuwa na pengo katikati ya usiku. Shikilia zaidi saa ya kuamka. Iwe ileile, na hata siku za mapumziko isipishane kwa zaidi ya saa moja hivi. Akizidiwa mchana alale dakika 20 au 30, kabla ya saa 9 alasiri. Kahawa, chai na vinywaji vya kuongeza nguvu aviache mapema mchana, maana saa tano baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini, ile inayomchangamsha mtu, bado imo mwilini.

Sasa nije kwenye lile linalonigusa zaidi. Hayo yote tuliyafanya, na mwanangu akawa nafuu, ila si usiku wote. Nikaanza kuandika kila asubuhi alilala na kuamka saa ngapi. Baada ya wiki mbili niliona kitu: usiku mbaya zaidi ulikuwa Jumatatu. Sikumuuliza usiku. Nilisubiri siku tunakunja nguo, sote tumeinamia kikapu, hakuna anayemtazama mwenzake, nikasema tu, "Jumanne huwa mna nini shuleni?" Alikuwa na shati mkononi. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Mara ya tatu ndipo akasema kwamba Jumanne wanasoma kwa sauti mbele ya darasa, na sauti yake, iliyokuwa imeanza kubadilika, ikikwaruza darasa zima linacheka. Kuna mmoja alikuwa akimwigiza hadi kwenye njia ya kurudi nyumbani. Miezi minne alikuwa amelimeza hilo peke yake.

Nilitaka kwenda shuleni saa ileile. Nilimuuliza kwanza anataka nifanye nini, akataka niongee na mwalimu mmoja tu, kimyakimya. Nikafanya alivyotaka. Pia tulimpa daftari, jioni mapema, si kitandani, aandike linalomsumbua na hatua moja anayoweza kuchukua kesho. Sikulifungua daftari lile hata siku moja, na naamini ndiyo sababu alizidi kuniambia mwenyewe.

Usimchokonoe binti yetu. Mkae mkifanya kazi ya mikono pamoja, uache kimya kiwepo.

Lakini angalia na mwili wake, usidhani kila kitu ni mawazo. Msikilize akiwa amelala: je, anakoroma usiku mwingi, anakatika pumzi kisha anashtuka kama aliyekabwa? Hayo ni ya kumpeleka kwa daktari, huenda ni mafindofindo yaliyokua yanaziba njia ya hewa. Je, analalamika miguu inamtambaa, hatulii mpaka aichezeshe? Ukosefu wa madini ya chuma unaweza kuleta hali hiyo, na msichana aliyeanza hedhi anaweza kuishiwa chuma upesi, basi waombe wapime damu. Kikohozi cha usiku kinaweza kuwa pumu. Na ukiona kiu isiyoisha, kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo, na mwili unakonda, mpeleke siku hiyohiyo akapimwe sukari. Vilevile akipoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, au akatamka lolote la kutotaka kuishi, usingoje hata kukuche. Kaa naye, usimwache peke yake, na mtafute msaada wa haraka.

Dawa za usingizi, hata vidonge vya melatonini, usimpe kwa ushauri wa mtu yeyote asiye daktari, wala wangu.

Anza kuandika kesho asubuhi: alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, na siku iliyofuata ilikuwa na nini shuleni. Leo usiku simama mlangoni kwake dakika chache akiwa amelala, umsikilize anavyopumua. Nijibu upesi kuhusu kukoroma na miguu, nina wasiwasi na hilo la miguu uliloligusia mwishoni mwa barua. Msalimie sana, ila usimwambie kwamba tumemjadili.

Mimi shoga yako wa siku zote