Malalamiko: ejenti wetu wa AI kafuta wateja 14 kwa sababu ya mstari mmoja wa maelezo yenu

Kwa timu ya bidhaa na sapoti,

Habari za kazi. Naandika baada ya tiketi yangu kufungwa mara mbili, na ya pili mkaniambia eti "tatizo ni AI yenu, rekebisheni maelekezo yake". Haya, nimekaa nikafukua logi zote, naomba safari hii msome mpaka mwisho.

Mlipotangaza kwamba mfumo wenu wa ankara sasa una seva ya MCP (njia ya kuunganisha programu za AI na mifumo mingine) na uko "tayari kwa ejenti", yaani programu za AI zinazofanya kazi zenyewe, tulifurahi kweli, tukaunganisha siku hiyohiyo. Wiki ya pili nikamwambia ejenti wetu awatoe kwenye orodha wateja ambao hawajanunua kitu mwaka mzima, yaani wasionekane tu. Dakika mbili akajibu "nimewaondoa wateja 14 kama ulivyoomba", nikasema safi. Kesho yake mhasibu anatafuta ankara ya zamani ya mmoja wao, hola. Hakuna mteja, hakuna ankara, hakuna chochote.

Kumbe mna zana mbili, yaani amri ambazo ejenti anaziita, remove_client na delete_client. Moja inamficha mteja na unaweza kumrudisha, nyingine inamfuta na kila kitu chake. Sasa fungueni maelezo yake muone wenyewe, zote mbili zimeandikwa "Inaondoa mteja kwenye mfumo." Mstari uleule hadi nukta, mtu alikopi akapesti akaenda zake kula. Hamna hata neno moja kwamba hii ukishaita ndo basi tena.

Na msiniambie AI haina akili. Nilimpa maelezo hayohayo kijana mpya hapa ofisini ambaye hajawahi kuuona mfumo wenu, nikamuuliza ungetumia ipi, akaniangalia akasema "si zote sawa?" halafu akachagua delete. Ila yeye akiwa kwenye skrini angekutana na kile kiboksi chekundu cha "una uhakika?" akasita, ejenti hana skrini, hana wa kumpigia simu, anachokiona ni jina la zana, maelezo yake na parameta (taarifa anazotakiwa kujaza), basi, na kile kitabu chenu kizuri cha picha kwenye tovuti hakimfikii. MCP yenyewe tangu toleo la Machi 2025 ina sehemu ya kutambulisha zana inayoharibu, destructiveHint, ambayo programu ya upande wetu ingeiona ikasimama kuomba ruhusa kwanza. Nyie mmeweka false, yaani haiharibu. Kwenye zana ya kufuta!

Tarehe nayo. Parameta ya siku ya malipo maelezo yake ni "tarehe", neno moja tu. Ejenti akatuma 03/04 akimaanisha tarehe 3 mwezi wa 4, nyie mkasoma Machi 4, mteja akaletewa ukumbusho wa deni ambalo halijafika. ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, ipo tangu 1988 jamani, ingetosha kuweka mfano mmoja tu, 2025-04-03, mambo yakaisha.

Halafu eror. Ankara ilienda, seva yenu ikachelewa ikajibu "kuna kitu hakijaenda sawa" tena kwa namba 200, ambayo maana yake mambo safi. Ejenti afanye nini? Akarudia, akarudia tena, mteja akapokea ankara tatu. Hamjasema popote kama kurudia ni salama au ni kutuma upya.

Sa hivi nimeandika maelezo mwenyewe upande wetu, ya delete_client yanasema: "Inafuta mteja na ankara zake zote, hairudishiki. Kama mtumiaji anataka kumficha tu, tumia remove_client. Usiite kabla mtumiaji hajathibitisha jina la mteja." Sentensi tatu. Nikarudia ombi lilelile neno kwa neno kwenye akaunti ya majaribio, modeli ileile, maelekezo yaleyale mliyosema nirekebishe, akatumia remove mara zote kumi. Kwa hiyo hiyo hoja yenu ya "AI yenu" sijui mtaiweka wapi.

Nimeambatanisha maelezo ya zana zote tisa, chukueni bure. Ninachotaka ni hivi: mrekebishe hayo maelezo kwenye seva yenu maana sisi sio wateja pekee, mkibadilisha zana mtuambie kabla maana mwezi uliopita mlibadilisha jina la parameta kimyakimya, na kubwa kuliko yote mniambie kama mna bakapu ya siku ile, ndiyo au hapana. Tiketi msiifunge tena kabla hamjanijibu hilo, mhasibu ananisubiri mlangoni kila asubuhi.